Kikapu Kilichorudishwa

Kiwandani walimwita Bi Rudisha, na usidhani walikuwa wakimsengenya. Walimwita hivyo mbele ya uso wake, naye aliitika, tena kwa maringo. Kazi yake ilikuwa kukagua uyoga. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza ile ile ya bati, chini ya dirisha lile lile, akipokea vikapu vya wanawake waliorudi kutoka msitu wa misonobari wakiwa hoi, migongo inawauma. Uyoga una mchanga? Rudisha. Umevunjika kofia? Rudisha. Una funza mmoja? Rudisha na funza wako, ukamlee. Wachumaji walimwogopa kuliko nyoka waliokutana nao huko msituni.

Meza ile ilikuwa na sheria yake, na kila mchumaji aliijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Uyoga wenye sumu haukurudishwa hata siku moja. Mkaguzi aliuponda kwa mkono wake mwenyewe, akautia kwenye ndoo ya chokaa iliyokaa karibu na mguu wake wa kulia, na hapo ndipo ulipoishia. Kilichorudishwa kilikuwa kichafu au kibaya cha sura, basi. Kiwanda hakikitaki lakini tumbo linakitaka. Kwa hiyo kikapu kikirudishwa, kinakwenda moja kwa moja jikoni. Watoto wengi pale wamelelewa kwa vikapu hivyo, na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo.

Kampuni ilinunua aina mbili tu, ile ya sponji na ile ya yai. Za kuogopwa nazo zilikuwa mbili. Kwanza kulikuwa na mlevi, mwenye kofia nyekundu, ambaye akipigwa na mvua siku mbili tatu anapauka na kufanana kabisa na yai. Ukimla mlevi utacheka na ukuta, utaona miti inatembea, utawasalimia watu wasiokuwepo, halafu utalala na kuamka na kichwa kinachogonga. Ya pili ni soksi, ambayo kofia yake nayo hufanana na ya yai. Hii mguu wake umekaa ndani ya mfuko mweupe chini ya udongo, na haimchekeshi mtu. Ukiila utakaa nusu siku huna hili wala lile, kumbe inakwenda kukutafuna ini. Na kwa kuwa kiwanda kilitaka uyoga usio na udongo, wachumaji walikata kwa kisu juu kidogo ya ardhi, mguu wakauacha chini. Mkaguzi mwingine angebabaika. Bi Rudisha alitumia jicho, ukucha na pua, na pale kiwandani walikula kiapo kwamba ananusa mlevi tangu mlangoni, hata kikapu kikiwa kimefunikwa. Yeye hakuwahi kukanusha.

Sasa, mama huyu alikuwa na mwana mmoja, dereva wa lori la magogo, mpole, mwenye mabega mapana na kicheko cha kitoto. Alimlea peke yake, akamlipia chuo cha udereva, akamchagulia hadi mchumba, binti wa mwalimu. Kijana akaenda kuoa mfanya usafi wa nyumba ya wageni walikolala madereva. Loh! Tangu siku hiyo mama akanuna. Mwanawe alipanga vyumba viwili nyuma ya karakana, dakika kumi kwa miguu, lakini kwa mama yake ilikuwa kama amehamia ng'ambo. "Mimi sina mkamwana," alikuwa akisema. "Nina mtu aliyeniibia mtoto."

Mkamwana naye, tusidanganyane, alikuwa na mdomo. Siku mama mkwe alipokuja mara ya kwanza alipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akaonyesha vumbi, akauliza, "Kumbe wanaosafishia watu vyumba, kwao hawasafishi?" Binti akajibu, "Nasafisha, mama, ila sikujua kwamba leo kuna ukaguzi." Mume alicheka. Kosa lilikuwa hapo, kucheka. Bi Rudisha aliondoka bila kugusa chai, na kile kicheko alikihifadhi moyoni miaka miwili mizima.

Halafu nyumba ya wageni ikafungwa. Mkamwana akanunua kisu na kikapu, akaingia msituni na wenzake, na jioni akajikuta kwenye foleni mbele ya meza ya mama mkwe wake. Unaweza kufikiria. Siku ya kwanza alirudishiwa kikapu kizima kwa punje tatu za mchanga, watu wote wanatazama. Siku ya pili hivyo hivyo. Akajifunza kukata safi kuliko wote, ikawa hapati mchanga wa kusingiziwa, akawa anasingiziwa unyevu.

Jumatano moja, baada ya mvua ya siku tatu, alifika mwisho wa foleni na kikapu kidogo kilichofunikwa kitambaa cha bluu. Alikuwa amelowa hadi magotini.

"Mama, leo naomba uniangalizie vizuri," alisema. "Upande wetu umekwisha kuchumwa. Nimekwenda upande wa pili wa njia ya kuzuia moto, huko sijakuzoea."

Angesema mtu mwingine, Bi Rudisha angemwaga kikapu chote mezani na kupekua uyoga mmoja mmoja. Lakini alisema huyu. Na alisema kwa sauti ya kuomba, na mkaguzi akaona raha ya kuombwa inampanda hadi masikioni. Hakufunua kitambaa. Aliweka vidole viwili kwenye ukingo wa kikapu, akakisukuma kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichopoa.

"Rudisha."

"Hujafunua, mama."

"Nimeshaona. Unataka kunifundisha kazi?"

Wanawake wawili watatu walicheka, cheko la kujipendekeza. Karani wa mzani, kijana wa watu mwenye woga, aliinamia daftari lake kana kwamba limeandikwa kwa herufi ndogo sana. Mkamwana akakaa kidogo akimtazama mama mkwe wake usoni. Kisha akachukua kikapu akaenda zake, na Bi Rudisha akafunga kazi akiwa na furaha ambayo hakuipata wiki nzima.

Kesho yake asubuhi, saa mbili kasorobo, simu ya kiwanda ililia. Mwanao kalazwa kituo cha afya. Amesimamisha lori katikati ya lango la karakana, ameshuka, amelikumbatia gurudumu la mbele na analibembeleza lisilie. Wametumia watu wanne kumwondoa.

Bi Rudisha aliondoka na aproni yake, chokaa mikononi. Karani alimfuata mbio kwa sababu meneja alimwambia amsindikize. Walimkuta kijana kitandani, amefungwa mikono kwa bandeji laini, macho yamemtoka, anamwambia muuguzi aondoe ndege waliojaa darini. Hakumtambua mama yake. Alimwita "bosi." Na pembeni ya kitanda amesimama yeye, mwizi wa mtoto, nywele hazijafungwa, shati la mumewe alilovaa limelowa matapishi.

Bi Rudisha hakusalimia mtu. "Umemlisha nini mwanangu?"

"Uyoga."

"Uyoga gani?"

"Ule ulionirudishia."

Mgonjwa aliendelea kuwafukuza ndege wake. Mkaguzi alijua palepale. Hakuhitaji mtu kumfafanulia. Na kwa kuwa alijua, akapandisha sauti.

"Mshenzi wewe! Umetoka msituni na madawa yako, umempikia mume wako, leo unanitwisha mimi? Na mbona wewe mzima? Mbona wewe hukula?"

"Ulikuwa kidogo," mkamwana alisema. "Nikamwachia yeye. Alikuwa ana safari."

Daktari aliingia. Alikuwa kijana mwembamba, viatu vya wazi, macho mekundu ya mtu aliyekesha zamu. Alitaka jambo moja tu, na alilisema kwa haraka. Mgonjwa alikula saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaanza kuvurugikiwa kabla ya saa moja. Wamemsafisha tumbo, wamempa mkaa wa dawa. Hiyo ni dalili ya mlevi, na mlevi ataisha jioni. "Ila kama kulikuwa na kingine kwenye sufuria," alisema, "kile cha ini, hapa sina dawa yake. Gari la wagonjwa linaondoka saa nne na mama mwenye uchungu wa kuzaa, kwenda hospitali ya rufaa. Nafasi ipo. Kesho litakuwa jambo jingine. Nani aliuona uyoga huo kabla haujapikwa?"

"Mimi niliuchuma," mkamwana alisema. "Lakini mimi siyo mkaguzi. Ndiyo maana niliupeleka mezani. Yeye hakuutazama. Alinirudishia na kitambaa juu."

Daktari akamgeukia Bi Rudisha. Alimjua, nani asiyemjua? Mwaka uliopita walimwita kwenye semina ya wauguzi, akawaeleza habari za sumu saa nzima bila karatasi.

"Mkaguzi, uliutazama?"

Hapa alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa neno moja. Lakini mkamwana alikuwa amesimama mbele yake na kidevu juu, na karani yuko mlangoni, na muuguzi anasikiliza, na kesho habari itakuwa kiwanda kizima: Bi Rudisha kamlisha mwanawe sumu kwa inda.

"Nimetazama miaka ishirini na miwili," alisema. "Nitaacha kutazama jana? Kulikuwa na mlevi mmoja au wawili walionipita kwa sababu ya mvua. Soksi haikuwemo. Muulize karani."

Hata hakumkonyeza. Hakuwa na haja. Karani alitazama chini, akafuta chokaa kwenye suruali yake, akasema, "Alitazama, daktari. Mkaguzi hutazama."

"Mwongo!" mkamwana alipiga kelele. "We kaka, ulikuwepo! Mwongo!"

Muuguzi akamwambia ashike adabu, hapa ni wodini. Daktari aliandika kitu kwenye faili. Saa nne gari likaondoka na yule mama mwenye uchungu, na nafasi ikabaki tupu.

Mkamwana hakulia. Alijifunga nywele, akachukua kisu chake kwenye mfuko. "Sufuria nimeshaliosha," alisema, "lakini miguu ipo ardhini. Nakumbuka kila nilipokata. Twende."

"Siendi popote na wewe."

"Basi nitaichimba mwenyewe niilete hapa, niimwage mezani kwako mbele ya watu. Utakataa kufunua na hiyo?"

Bi Rudisha alikwenda. Alijiambia anakwenda kumfunga mdomo. Ukweli ni kwamba asingeweza kukaa chumba kile akimsikiliza mwanawe akiongea na ndege.

Msitu ule ulipandwa kwa mistari, mti nyuma ya mti, na ndani yake hakuna upepo wala ndege wa kweli. Walitembea saa nzima bila kuongea, binti mbele, mama nyuma, viatu vinazama kwenye majani makavu ya misonobari. Walipovuka njia ya moto mama akaanza kuhema.

"Pumzika kama umechoka."

"Tembea huko! Nani kakwambia nimechoka?"

"Basi usinihemee mgongoni."

Wachumaji wana desturi: ukishakata, unaufunika mguu uliobaki kwa majani ya msonobari, ili mwakani uote tena. Kwa hiyo mkamwana alikwenda kutoka kilima kidogo hadi kilima kidogo cha majani, akifukua kwa kidole. Bi Rudisha alipiga magoti, magoti yakalia, akachimba kwa kisu. Mguu wa kwanza ulikuwa mnene chini, wenye pete pete. Mlevi. Wa pili mlevi. Wa tatu yai safi kabisa, wa nne mlevi, wa tano mlevi. Kila mmoja aliuinua juu, akaunusa, akauangusha, na kila mmoja ulimwondolea jiwe moja kifuani. Alipofika wa saba alikuwa anacheka peke yake.

"Nilikwambia nini? Mlevi! Jioni atakuwa anaomba chai, na wewe utanitafutia uso wa kuniangalia nao."

"Bado miwili," mkamwana alisema. "Kule kwenye mti uliokufa."

Miguu hiyo miwili ilikaa karibu karibu, kama pacha. Bi Rudisha alichimba taratibu. Kisu kiligusa kitu laini, akakiweka kando, akamalizia kwa vidole. Udongo ulipoachia, ulitoka mfuko mweupe, mwembamba kama ngozi ya yai la kuchemsha, na mguu umesimama ndani yake. Akachimba wa pili. Mfuko mwingine.

Aliishikilia ile miwili kwenye kiganja, kisha akakikunja.

"Hii ni nini?" mkamwana aliuliza.

Na hapo, msomaji, elewa jambo moja. Binti yule hakuwahi kuiona soksi. Hakuna mchumaji aliyekuwa ameiona na mguu wake, maana wote walifundishwa kukata juu, na aliyewafundisha ni huyu huyu aliyepiga magoti. Katika msitu mzima mtu mmoja tu alijua kilichokuwa kiganjani. Angeweza kusema mlevi mchanga. Angeweza kuiponda na kuitupa.

"Hii yote uliipika?"

"Yote. Kikapu kilikuwa kidogo, nimekwambia. Mama, ni nini hiyo?"

"Tembea."

"Niambie!"

"Nimesema tembea!"

Aliifunga kwenye leso, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Njia nzima mkamwana aliuliza, mara kwa ukali, mara kwa kubembeleza, mara kwa matusi. Kwenye njia ya moto alimshika mkono wa aproni, akamsimamisha kwa nguvu.

"Unajua kwa nini nilipika?" alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, lakini ya hasira. "Nilikuona hukufunua. Siyo kipofu mimi. Lakini ulisema umeshaona, na wote wanasema unanusa tangu mlangoni. Nikasema, ananichukia sana huyu mama, ila anajua nani atakula. Hawezi kumrudishia mwanawe sumu. Nilikuamini wewe. Mjinga mimi!"

Bi Rudisha akautoa mkono wa binti kwenye aproni yake na kuendelea kutembea.

Walifika kituoni saa tisa alasiri, wakasikia kicheko tangu barazani. Kicheko cha kitoto. Kijana alikuwa amekaa kitandani, bandeji zimefunguliwa, anakunywa uji na anawasimulia karani na muuguzi jinsi gurudumu lilivyomwambia limechoka kubeba magogo. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Alipomwona mama yake akafungua mikono.

"Mama! Nimeambiwa nilikuita bosi. Nisamehe, bosi!" Akamvuta mkewe kwa mkono mwingine. "Na wewe, kesho tupikie mayai tu, hayo ya kuku."

Daktari alikuwa anasaini karatasi ya kumruhusu. "Ulikuwa sahihi, mkaguzi," alisema. "Nilitaka nimpakie asubuhi lile gari. Mkewe alinisihi sana. Lakini nikasema, neno la Bi Rudisha linatosha."

Muuguzi akamletea kiti. Karani akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, uso umejaa ahueni, maskini, maana uongo wake umegeuka kuwa kweli. Mwanawe amekaa pale, mzima, ana rangi mashavuni, ana njaa. Bi Rudisha alikaa. Aliwaza: labda mkaa umeinyonya yote. Labda alitapika kabla haijashuka. Labda nikinyamaza hakuna kitakachotokea, na nitabaki na mwanangu anayenifungulia mikono namna hii. Akahesabu saa kwa kichwa. Alfajiri mpaka sasa, masaa tisa na nusu. Ndiyo kwanza soksi ilikuwa inaamka.

Alitoa leso, akaifungua juu ya shuka.

"Usisaini," alimwambia daktari. "Kulikuwa na soksi. Mbili. Na mimi sikutazama."

Daktari alisimamisha kalamu. "Hukutazama nini?"

"Kikapu. Sikukifunua. Alivyosema asubuhi ndivyo ilivyokuwa. Karani alisema uongo kwa kuniogopa, msimlaumu."

Daktari aliisogeza leso kwa ncha ya kalamu, akaangalia ile mifuko miwili, akatoka nje mbio, wakamsikia akipiga simu kuuliza gari limefika wapi. Lilikuwa njiani kurudi. Saa mbili zaidi. Mkamwana alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mikono kichwani.

Mgonjwa alikuwa bado ameshika kikombe cha uji.

"Ilikuwa sumu, mama?"

"Ndiyo, baba."

"Na gari lilikuwepo saa nne."

"Ndiyo."

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri haraka, na mama yake alilazimika kukaa na kusubiri afike mwenyewe.

"Hukufunua kwa sababu kilikuwa cha mke wangu?"

Bi Rudisha alitamani kutafuta njia ya kulisema hilo kwa upole. Hakuipata. "Ndiyo," alisema.

Saa kumi na moja gari lilipofika kijana alikuwa ameanza kushika tumbo. Walimlaza ndani, wakatundika dripu. Kulikuwa na kiti kimoja cha msindikizaji na mkamwana alishakaa. Msaidizi wa gari, mtu mwenye roho nzuri, alisema wakibanana mama mzazi naye ataenea.

"Hapana," mwanawe alisema, macho kwenye paa la gari. "Asije."

Wakafunga mlango.

Kesho yake Bi Rudisha alirudisha aproni kwa meneja kabla hajaombwa, akakaa nyumbani na simu. Alipiga kila siku saa mbili asubuhi. Alijua mkamwana ana kila sababu ya kutopokea, na kila asubuhi alipokea. Hakusalimia. Alitoa taarifa kama mtu anayesoma mita ya maji. Anatapika. Ametulia. Macho yamekuwa ya manjano. Hajitambui. Wanasema tuombe. Siku ya sita hakusema neno, alipumua tu kwenye simu, na Bi Rudisha akapumua upande wake, wakakaa hivyo mpaka salio likaisha. Siku ya tisa: amefungua macho. Siku ya kumi na mbili: amekunywa uji.

"Nipe niongee naye."

"Hataki, mama."

"Umemuuliza?"

"Kila siku namuuliza."

Basi akaanza kujiandaa. Ini limekubali, daktari kasema, ila atahitaji miezi ya kupumzika, na vile vyumba vya nyuma ya karakana vina moshi. Alipaka chokaa chumba cha uani, akanunua godoro jipya, akatoa mashine ya kushonea ili kuwe na nafasi ya watu wawili. Wawili, alijisisitizia. Alishona na pazia. Alifanya mazoezi ya kusema "karibu, binti yangu" mbele ya kioo, na mara ya kwanza ilimtoka kama anatema mbegu, lakini alirudia mpaka ikalainika.

Siku ya ishirini na moja alipiga simu na maneno yote mdomoni.

"Mkiruhusiwa," alisema, "msihangaike na nauli, nitatuma gari. Chumba kiko tayari. Mje wote wawili."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za kuku, na mtu anatwanga kitu. Hazikuwa kelele za hospitali.

"Tulitoka juzi, mama," mkamwana alisema. "Tuko kwetu. Kwa mama yangu."

Bi Rudisha aliliangalia godoro, bado limevaa nailoni yake. "Anakula?"

"Anakula."

Kisha akamsikia. Karibu kabisa na simu, sauti nyembamba kuliko alivyoizoea, lakini yake, yake kabisa, ikiuliza, "Nani huyo?"

"Ni mama," mkamwana akamjibu.

Kutwanga kuliendelea.

"Mwambie nimelala."

Mkamwana akarudi kwenye simu, akavuta pumzi. "Amelala, mama," alisema.